Hapana Mbili za Adabu

Simu ilitetemeka juu ya meza ya jikoni, ikagonga sahani ya siagi, ikanyamaza, ikagonga tena. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa nzi aliyefunikwa na glasi, lakini tangu msimu wa vuli ndio ulionitoa kitandani kila siku kabla ya kupambazuka. Nilivaa miwani nikasoma orodha ya siku. Majina thelathini na moja. Nikarudia kuyasoma polepole, kidole kikifuata kila mstari. Jina la Florence Beaton halikuwemo.

Kwa miaka kumi na tisa nimewasimamia wanawake wanaozunguka nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee, kuwapa dawa na kuwapikia uji, katika pwani hii ya magharibi ya kisiwa cha Cape Breton ambako baina ya nyumba na nyumba pana kilima kizima, na wakati wa baridi theluji inayofika kiunoni. Tulipoanza tulikuwa wanawake kumi na wanne na daftari moja. Daftari lilikaa kwangu. Dolena, mmoja wao, akikawia kwa mzee aliyefiwa na mbwa, niliandika "barabara mbaya", hata kama siku hiyo jua lilikuwa linawaka na lami imekauka. Mwingine akiondoka mapema kumpeleka mama yake hospitali, niliandika barabara hiyo hiyo. Nilikuwa bingwa wa kufunika kombe. Nilidhani huo ndio uongozi: kusimama baina ya watu wangu na mvua, mwavuli mkononi, bila kumwambia yeyote kwamba kunanyesha.

Kisha kampuni ya mbali ikatununua, na daftari likaingia kabatini. Kila mmoja wetu akapewa simu. Simu inajua umeingia lini na umetoka lini. Inakupa dakika ishirini kwa kila nyumba, na mwisho inauliza swali moja tu: mteja amepokea huduma, au amekataa? Akikataa mara tatu mfululizo, jina lake linafutika lenyewe.

Huku kwetu mtu akikuuliza kama unataka kitu, unajibu hapana. Akiuliza tena, unajibu hapana, usijisumbue. Akiuliza mara ya tatu, unasema haya basi, kidogo tu, kama birika liko motoni tayari. Anayekubali papo hapo huonekana mroho, na anayeuliza mara moja tu huonekana mchoyo. Tunajifunza haya kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Na katikati ya hapana ya kwanza na ile haya ya mwisho, watu hunywa chai, huulizana nani kazaa na nani kavunjika nyonga. Dakika ishirini hazitoshi hata kumaliza hapana ya pili.

Dolena alikuwa amepata barua mbili za onyo kwa kukawia. Barua ya tatu ni kufukuzwa. Mwezi wa kwanza nilimvuta kando kwenye maegesho, upepo ukitupiga theluji usoni.

"Fuata simu, Dolena. Uliza mara moja, bonyeza utakachojibiwa, ondoka."

"Hata kwa Florence?"

"Hata kwa Florence."

"Haya, bosi," akasema. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuniita bosi ila kwa utani, na siku ile hakucheka.

Kwa hiyo asubuhi ile jikoni nilijua yaliyotokea kama vile nilikuwepo. Florence, mwenye miaka tisini na mmoja, mwanamke ambaye angekufa kwa kiu kuliko kuomba maji katika nyumba ya mtu, aliulizwa mara moja kama anataka kuogeshwa. Akajibu hapana, mwanangu, usijisumbue. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Na Dolena, kwa kunitii mimi, alibonyeza.

Bwana Corwin, meneja wetu mpya, alikuwa ofisini kabla yangu. Si mtu mbaya. Asubuhi za barafu huanza kukwangua kioo cha gari langu kabla ya chake, wala hajawahi kulitaja jambo hilo. Nilimkuta amekaa, mbele yake karatasi moja.

"Bi Rhodena, afadhali umefika. Kaa."

"Jina la Florence Beaton limeanguka."

"Amekataa mara tatu."

"Hajakataa. Alikuwa anasema hapana."

Alinyanyua macho. Nikasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa ya kipuuzi. Nikamweleza habari ya hapana mbili, ya birika, ya uroho na uchoyo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hilo pia namsifia.

"Nakuelewa," akasema. "Lakini nieleze hili. Nimewahi kufanya kazi kwenye nyumba za wazee ambako mtu alisema hapana, na wakamvua nguo. Mtu akisema hapana, mimi naiheshimu. Nifanye nini kingine? Nikisie?"

Hasira yangu, iliyokuwa imesimama wima tangu alfajiri, ilikosa pa kupiga. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga.

"Aandikwe upya," nikasema.

"Maombi huchukua wiki sita. Sheria hiyo sikuiweka mimi." Akaisukuma karatasi kwangu. "Na kuna hili. Jana usiku Dolena alikuwa nyumbani kwa bibi huyo huyo dakika hamsini na mbili, nje ya orodha. Simu inaonyesha. Ni barua ya tatu, na anayetia sahihi ni msimamizi wake."

Nilishika kalamu. Uongo wa zamani ulinijia upesi, kama mbwa anayejua jina lake: niandike kwamba nilimtuma. Barabara mbaya. Kombe lingefunikwa, Dolena angepona hadi mwezi ujao, na bwana huyu angeendelea kuamini kwamba Florence alikataa. Nikaona jambo ambalo sikulipenda. Miaka yote ile, nilipokuwa nikiandika barabara mbaya, sikuwahi kumwambia bosi yeyote kwamba mzee aliyefiwa na mbwa anahitaji saa nzima. Niliiba dakika nikazigawa kimyakimya, na hakuna aliyejua kwamba zinahitajika. Sasa zimekatwa, na waliozikata hawajui wamekata nini.

Sikutia sahihi. Chini ya barua, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, niliandika: Nilimwamuru Dolena aulize mara moja na kuondoka. Amri ilikuwa mbaya na ilikuwa yangu. Jana usiku alikwenda bila kutumwa, akafanya kazi iliyonipasa mimi. Leo naenda mwenyewe, na nitakaa hadi niimalize. Kisha nikaandika jina langu lote.

Corwin aliisoma mara mbili. "Nikiwapelekea hii makao makuu, watakuondoa wewe badala yake. Unajua hilo? Mimi sitaweza kukukinga."

"Wapelekee. Na ile habari ya hapana mbili, waandikie pia. Wewe unaandika vizuri kuliko mimi."

Nilipokuwa mlangoni nilimwona amevuta kalamu, na akaniuliza, bila kunitazama, kama huwa ni mbili kila mara, au wengine husema tatu. Nilimjibu kwamba wa kule Mabou husema tatu.

Dolena alikuwa ameegemea gari lake, shingo imezama ndani ya koti.

"Nasikia umegoma kutia sahihi, mama wee."

"Nani kakwambia?"

"Ukuta ule ni karatasi. Sasa tutafukuzwa wawili. Tutafungua duka la biskuti za shayiri."

"Biskuti zako hazitafuniki."

"Tutawauzia wenye meno." Kisha sauti ikashuka. "Dada, nilikwenda kwa sababu sikupata usingizi. Nilikuwa nimebonyeza mimi."

"Ulibonyeza kwa kidole changu," nikamwambia. Aliangalia pembeni, akanifungia kifungo cha juu cha koti kama mtu anavyomfungia mtoto, akaingia garini.

Mlango wa jikoni wa Florence haufungwi kwa ufunguo. Niliingia bila kubisha, kama ilivyo desturi. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, kitambaa kichwani, ingawa mwanamke huyu hakuwahi kufunika nywele zake ndani ya nyumba. Nilijua nywele zisizooshwa zimefichwa chini yake, na nikatazama dirishani ili nisionekane nimejua.

"Kumbe ni binti wa Johnny Rory," akasema, akinitaja kwa jina la baba yangu. "Na barabara hizi zilivyo."

"Barabara ni nzuri," nikasema.

Nikateleka birika. Nikamuuliza kama nimpashie maji ya kuoga. Hapana, nimejisafisha jana. Tukanywa kikombe cha kwanza. Akaniuliza habari za wajukuu, nikamtajia jino la mdogo lililong'oka. Nikamuuliza tena. Hapana, mwanangu, usijisumbue, una kazi nyingi. Mfukoni simu ilianza kutetemeka. Niliitazama: iliniambia niko nje ya ratiba, ikauliza kama nimepotea njia. Niliiweka chini ya mto wa kiti. Nikamimina kikombe cha pili.

"Maji yameshachemka, Florence. Itakuwa hasara kuyamwaga."

Alikitazama kikombe chake. "Haya basi," akasema. "Kidogo tu."

Nilimwosha miguu kwanza, kisha mgongo, mwembamba kama ubao wa kufulia, kisha nywele, ambazo zilichukua muda. Nilipokuwa nikizichana akazungumza, kwa kuwa hakuwa akiniona uso.

"Nilimkosea Dolena kwa neno gani? Alikuwa anakuja, anauliza, kisha anaondoka hata chai hajanusa. Nimelala macho siku zote hizi nikitafuta neno lenyewe. Jana usiku alikuja akalia, na sikuthubutu kumuuliza."

Chanuo lilisimama mkononi mwangu.

"Hukumkosea mtu. Mimi ndiye niliyewakosea nyote wawili."

Akapapasa begani hadi akaupata mkono wangu, akaupigapiga mara mbili, akauachia, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Nilimvika sweta safi, nikapanga vidonge vya jioni kando ya kikombe. Nilipoinama mlangoni kuvaa buti nilingoja lile neno letu la kuagana, usijisumbue kuja tena na baridi hii, ambalo kila mtu hapa hulisema na hakuna anayelimaanisha. Nililifunga buti la kwanza. Nililifunga la pili. Halikuja.

Nilipoinuka, Florence alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, nywele zake nyeupe zimekaa mabegani, bado mbichi. Mdomo ulijaribu, ukafumba, ukajaribu tena.

"Rhodena," akasema. "Njoo tena kesho. Nakuomba."