Ukuta Unaokunjwa

Jumanne, tarehe 11 Juni 1957. Asubuhi hiyo sakitu ililala juu ya majani, na ukungu uliufunika mlima Loleza mpaka mabegani. Mjini Mbeya watu walitembea mikono kwapani. Lakini Jailos seremala alikuwa anatoka jasho. Saa nne baba yake, Mzee Anania, angeshuka basi la Tukuyu, na saa sita basi lilelile lingerudi.

Mzee alikuwa na kidonda mguuni. Hospitali ya Mbeya walisema kisipooshwa kila siku kwa wiki sita, mguu utakatwa. Jailos alikuwa na chumba kimoja tu, yeye na mkewe Tusekile, na kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe. Wakikutana njiani, mwanamke huingia kichakani. Mzee alikwisha kukataa mara mbili. "Nilale chumba kimoja na mkwe wangu? Heri mguu uoze."

Mwezi uliopita Jailos alikwenda Iringa kutengeneza madirisha ya hoteli, na huko aliona ukuta wa plastiki uliokunjwa na kukunjuliwa kama kinanda cha mkono. Ukivutwa, chumba kimoja huwa viwili. Ukisukumwa, huwa kimoja tena. Alivua kofia bila kujua, kama mtu aingiaye kanisani. Usiku ule alipiga magoti akamshukuru Mungu aliyewapa wanadamu akili ya namna ile.

Sasa alikuwa ametengeneza wa kwake: papi nyembamba za mbao, bawaba, na plastiki nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kutoka dukani kwa jirani yake Zubery, akamtumia baba yake habari aje aone. Upande wa mzee aliweka kitanda cha kukunja, ambacho mchana hupandishwa ukutani kikawa hakipo.

Zubery alifika na mkewe, Mwamvita, kutazama.

"Seremala, umetengeneza nyumba au sanduku la mchawi?" Zubery aliuliza.

"Mwache," Mwamvita akasema. "Wewe hata kiti chako cha dukani kinayumba mwaka wa tatu."

Saa nne ilipopita, Tusekile akiwa nyuma ya ukuta uliovutwa, mzee aliingia akiegemea fimbo, akakishusha kitanda, akakipandisha, akakishusha tena. "Kimetoka wapi hiki?" akanong'ona. Akaigusa plastiki kwa kidole kimoja. "Baridi kama maji, lakini haimwagiki." Akaketi, na Jailos akaona mabega ya baba yake yakilegea.

Hapo jua likatoboa ukungu. Dirisha pekee lilikuwa upande wa Tusekile, naye alikuwa amesimama akipepeta mchele. Kivuli chake chote kikaanguka juu ya plastiki: kichwa, shingo, mikono, ungo ukipanda na kushuka.

Mzee akageuza uso haraka akatafuta fimbo. "Nipeleke kwenye basi."

"Baba, mguu!"

"Nimemwona mkwe wangu, Jailos. Nipeleke."

"Tundika blanketi," Zubery akasema.

"Akae gizani wiki sita, kama viazi?" Mwamvita akamjibu.

Jailos akautazama ukuta wake. Alikuwa ameivuta plastiki ikakaza kama ngozi ya ngoma, ili usionekane hata mkunjo mmoja. Fahari yake ndiyo iliyomponza. Akaomba kimoyomoyo, *Bwana, nisaidie,* akaanza kuukunja ukuta wake kwa aibu. Papi ya kwanza ikaifuata ya pili, mkunjo ukaja juu ya mkunjo. Mkono wake ukasimama. Pale plastiki ilipokuwa mbili, na nafasi ya kiganja katikati, kivuli hakikuwapo. Mwanga ulipita, mweupe, mpole, lakini mtu hakuonekana.

"Zubery! Plastiki iliyobaki!"

"Imo dukani, nimeifunikia sukari."

"Ifunue, ndugu yangu! Kimbia!"

Zubery, mwenye kitambi chake, alikimbia. Walipigilia plastiki ya pili upande wa nyuma wa papi, nyundo mbili kwa pamoja, na basi likiwa bado stendi.

"Tusekile," Jailos akaita, "simama dirishani. Pepeta."

Ungo ukasikika, shaa, shaa. Ukuta ukang'aa wote, mtupu. Mzee Anania aligeuka polepole na kutazama kwa muda mrefu, mdomo wazi. 

"Nuru imeruhusiwa," akasema mwishowe, "na mtu amestiriwa. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu."

Upande wa pili Tusekile akasema kwa sauti, kama desturi inavyotaka, akimwambia mumewe na si mwingine: "Mume wangu, uji u tayari, kama yupo mgeni atakayekaa."

Honi ya basi ikalia stendi. Mzee akamkabidhi Jailos fimbo yake, akainua mkono wa kuume.

"Zubery, sikia. Nawe Mwamvita, sikia. Na aliye nyuma ya ukuta asikie. Mbele ya Mungu na mbele yenu, basi hilo sipandi. Kila asubuhi nitapeleka mguu huu hospitali, nami sitaondoka katika nyumba hii mpaka kidonda kifunge."