Tairi za Njia Zote

Bwana Utarudia alikuwa na miezi minane anachagua tairi. Si kiwanja, si mke wa pili, si jina la mjukuu: tairi nne za gari. Kuna watu wamejenga nyumba wakahamia kwa muda huo. Kwa jirani alizaliwa mtoto siku mzee alipoanza kusoma habari za tairi za matope. Mtoto akakaa, akatambaa, akaota meno, na mzee bado alikuwa kwenye matope.

Jina hilo la Utarudia hakupewa na mama yake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtahini wa madereva. Alikaa kiti cha abiria, ubao mapajani, kalamu nyekundu mkononi, na neno lake la mwisho kwa watu tisa kati ya kumi lilikuwa hilo moja. Alifelisha watu kwa kugusa mstari mweupe, kwa kuchelewa kutazama kioo, na mmoja kwa kukohoa kwenye makutano. Nusu ya mji iliendesha kwa leseni ya jaribio la tatu. Siku aliyostaafu idara ilimpa saa ya ukutani, na mji mzima ukashusha pumzi.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mtahini huyu alikuwa anaogopa kuendesha. Si mjini. Mjini, juu ya lami, kwa gia ya tatu, kwenda sokoni na kurudi, alikuwa simba. Lakini barabara isiyo na mstari katikati ilimshinda. Kilima cha udongo, dimbwi lisilojulikana kina, daraja la magogo: hata akiviona pichani viganja vilimlowa jasho. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Mtu aliyewaaibisha maelfu hawezi kuamka siku moja akatangaza kwamba yeye ndiye dereva mbovu kuliko wote. Siri ilikaa kifuani na angezikwa nayo kwa amani, kama mkewe asingenunua gari.

Mkewe huyo, ambaye kila mtu alimwita Mkunga kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, alipostaafu hakujenga nyumba kwa kiinua mgongo chake. Alinunua gari-nyumba. Lilikuwa refu, la kijivu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, kitanda nyuma, jiko la gesi, na kabati la vyombo lisilofunguka mpaka ulipige teke. Alitaka safari moja tu. Huko milimani, kwenye zahanati ya kwanza aliyopangiwa akiwa binti, aliishi bado mkunga mkuu aliyemfundisha kazi. Alimwita Dada Mkubwa. Macho ya Dada Mkubwa yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi.

"Njoo nikuone," Dada Mkubwa alisema kwenye simu, "wakati bado naona."

"Wiki ijayo tunaondoka," Mkunga akamwambia mumewe.

Mume akalizunguka gari polepole, akainama, akabonyeza kashata, yale meno ya tairi ya mbele, kwa kidole gumba. Zilikuwa tairi za lami na zilikuwa zimelika, si kipara bado, ila zilikuwa njiani. Akasikia raha mwili mzima.

"Kwa tairi hizi? Mama watoto, kule tutakwama. Lazima zitafutwe za njia zote."

"Haya, tafuta."

Hapo ndipo Mkunga alipokosea. Angesema nunua.

Akatafuta. Alianza na daftari la kurasa mia mbili, akalipigia mistari kwa rula. Akagundua kwamba tairi ni bahari. Kuna za nusu lami nusu vumbi. Kuna za matope matupu, zenye kashata nene kama ngazi, zinazonguruma kwenye lami mpaka mume na mke wasemezane kwa kupiga kelele. Kuna nyembamba zinazochimba na pana zinazoelea, na kila moja ina watu walio tayari kuifia. Akataka kujua uzito ambao tairi zingebeba, akapima sufuria moja moja kwa mizani ya jikoni, vijiko, godoro, mtungi wa gesi. Mkunga alikataa kupimwa. Mume akamkadiria, akaliandika kadirio mahali linapoonekana, na nyumba ikakaa siku tatu bila maongezi.

Mwezi wa tatu alibakiwa na aina mbili tu. Kwa bahati njema akasoma kwamba namba nne zilizochapwa ubavuni huonyesha wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, na kwamba tairi huzeeka hata ikikaa dukani. Akaanza upya. Mwezi wa tano alijiunga na kundi la simu la wapenda safari, watu mia nne wasiosafiri, waliobishana kutwa juu ya upepo unaofaa mchangani. Humo aliheshimiwa mno. Walimwita Mhandisi, naye hakuwasahihisha.

Mchagua jembe si mkulima, na kila mtu mtaani alishalisema hilo, wengine mbele yake. Aliyenyamaza alikuwa mkewe. Mkunga alikuwa mtu wa subira; kazi yake yote ilikuwa kungoja vitu vitoke vyenyewe. Tena alitaka kwenda na mumewe, kumwonyesha alikoanzia maisha, kwa hiyo hakumwacha akaondoka peke yake, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. Dada Mkubwa alipiga simu kila Jumapili. "Kuna mambo ya gari," Mkunga alimjibu, kwa kuwa aliona aibu kusema ni mambo gani. Mwezi wa nne Dada Mkubwa alisema sura za watu anaziona, ila hazina macho. Mwezi wa sita Mkunga alikata simu, akaja sebuleni, akasimama mbele ya daftari.

"Amebakiwa na dirisha," akasema. "Anaona dirisha liko wapi, basi."

"Mambo ya usalama hayataki pupa," mume akajibu. "Tukikwama kule juu nani atatutoa?"

Alisema hivyo akajiona mtu mbaya, na hakukosea. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

Mwezi wa nane Mkunga hakuuliza tena. Asubuhi moja alichukua ufunguo, akakaa kwenye gari, kiti cha abiria, akapeleka mkono kwenye honi na kuiacha hapo mpaka majirani wakatoka na vikombe vyao vya chai. Mume naye akatoka, daftari kwapani.

"Dukani," Mkunga akasema. "Leo."

Duka la tairi lilikuwa mwisho wa barabara ya viwanda, baada ya kiwanda cha magodoro. Kompresa ilikohoa pembeni, tairi zilipanda mpaka darini, na kaunta ilikuwa na kioo kilichopasuka na kufungwa gundi ya karatasi. Mwenye duka, Mama Tairi, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata kwa mafuta ya taa. Bwana Utarudia alikuwa amemfelisha mara mbili, mara ya pili kwa kuwasha waipa siku ya jua. Yeye hakumkumbuka. Mama Tairi alikumbuka mpaka rangi ya soksi zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akafungua daftari na kusoma mahitaji yake. Yalikuwa kumi na tisa. Mama Tairi alisikiliza mpaka la tatu.

"Ninazo aina mbili," akasema, "na sharti moja. Anayetaka za njia zote nampa seti ya kujaribia, anapanda nayo mwenyewe kile kilima cha nyuma. Nimechoka na watu. Wananunua tairi za milimani, wanaenda nazo harusini, kesho wananirudishia wakisema zina kelele."

"Jana mvua imenyesha," mzee akasema.

"Vizuri sana."

"Na bima?"

"Ipo."

"Mimi goti langu hili la kulia..."

"Endesha, baba watoto," Mkunga akasema, akaenda kukaa nyuma.

Tairi zilifungwa kwa nusu saa. Bwana Utarudia alisimama pale akiomba nati moja ikatike, mbili zikipatikana si haba. Zilikaza zote.

Kilima kilikuwa cha udongo mwekundu, kimo cha ghorofa mbili, kimechanwa mifereji na maji. Mama Tairi akapanda kiti cha abiria, akaweka kitabu cha oda mapajani, akatoa kalamu. Mzee alimtazama kwa pembe ya jicho. Kwa mara ya kwanza maishani aliuona ule ukaaji kutokea upande wa pili.

Akatia gia ya kwanza. Gari likaanza kupanda. Tairi zilishika, na huo ndio ulikuwa msiba wake, zilishika vizuri kabisa, zikauma udongo na kulisukuma gari juu bila wasiwasi. Katikati ya kilima pua ya gari ikainuka, barabara ikapotea, kioo chote kikawa mbingu tupu. Mguu ukaondoka kwenye mafuta wenyewe. Injini ikazima. Akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili na kubaki ameishikilia.

Kwenye kabati la nyuma kijiko kilianguka.

"Zinateleza," mzee akasema.

Mama Tairi akatoa kichwa dirishani, akatazama chini. "Zimeshika." Kisha akaandika.

"Umeandika nini?"

"Saizi ya tairi, mzee."

"Ni hili goti," akasema. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mkunga akaja akizamisha viatu kwenye tope, akafungua mlango wa dereva. Mwanamke huyu alikuwa ameendesha gari la zahanati miaka ishirini, mama wa watu akilia kwa uchungu nyuma, taa moja, tairi kipara zote. Lakini akiwa na mumewe hakuwahi kugusa usukani, kwa kuwa mume alisema idara itacheka ikisikia mtahini anaendeshwa na mkewe.

"Sogea."

Alilipandisha gari mpaka juu, akaligeuza mahali ambapo mtahini angeapa haligeuki, akalishusha taratibu mpaka mlango wa duka.

"Kuna ile aina ya pili pia," Mama Tairi akasema.

"Hizi zimo garini tayari," Mkunga akasema. "Tunakwenda nazo."

Wakaondoka kesho yake asubuhi, Mkunga kwenye usukani, mume pembeni na daftari magotini. Tairi zilinguruma juu ya lami kama mashine ya kusaga. Mume alivumilia. Mkewe alishamwambia kwamba kilometa ya tisini lami inaisha, na hapo ndipo dunia ingeona kwa nini alichukua miezi minane. Kidogo alitamani wakwame, ili aokoke.

Kilometa ya tisini ikaja. Lami ikaendelea.

Ilikuwa mpya, nyeusi, na mstari mweupe katikati. Mia. Mia na ishirini. Ikaanza kupanda milima kwa mikunjo mipole, vyuma vya kinga pembezoni, vibao vinavyomweleza dereva kila kona kabla hajaifikia. Pale Mkunga alipokumbuka daraja la magogo palikuwa na daraja la zege lenye bamba la tarehe. Mkunga akapunguza mwendo, akasoma. Daraja lilikuwa na mwaka wa tatu. Akaongeza mwendo bila kumtazama mumewe, na mume alihisi huko kutotazamwa mpaka mifupani.

Lami ilikwenda ikaishia kwenye geti la zahanati. Zilibaki hatua arobaini za kokoto, na mtu wa baiskeli aliyepakia kreti za soda alikuwa anazipita huku anapiga mluzi.

Bwana Utarudia angeweza kuendesha mwenyewe. Kwa tairi zile kuukuu, kwa gia yake ya tatu, tangu wiki ya kwanza. Kuuliza si ujinga, simu ilikuwepo, na kila Jumapili mtu wa huko huko alikuwa upande wa pili wa laini. Mkunga hakuuliza kwa sababu aliijua barabara ya ujana wake. Bwana Utarudia hakuuliza kwa sababu anayeuliza hujibiwa.

Dada Mkubwa alikuwa chumbani kwake nyuma ya zahanati, amekaa kitandani, shuka limekunjwa pembe kihospitali. Aligeuza kichwa waliposimama mlangoni.

"Gari gani hilo linalolia hivyo barabarani? Limeharibika?"

"Ni mimi, Dada," Mkunga akasema.

Mikono ikanyooka, ikapita pembeni, ikarudi, ikapata bega, kisha uso. Aliupapasa wote, taratibu, kwa vidole vya mtu anayetafuta kichwa cha mtoto kiko upande gani. Mkunga alikuwa analia bila kujizuia.

"Umenenepa," Dada Mkubwa akasema. "Vizuri. Na huyo anayehema hapo?"

"Mume wangu."

Akanyoosha mkono, na Bwana Utarudia akaupokea.

"Karibu, mwanangu. Mbona mmechelewa hivyo? Nilisema labda mvua, labda barabara. Lakini lami tunayo mwaka wa tatu huu, nilidhani mnajua. Mlikuwa na nini?"

Mkunga akafuta macho na kumtazama mumewe, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mume alikuwa na kurasa mia mbili za majibu, zimepigiwa mistari kwa rula.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Barabara."

Dada Mkubwa akawaza kidogo. "Mbona ni nzuri," akasema, bila ubaya wowote, akauachia mkono wake. Kisha akamgeukia Mkunga na kumwomba amwambie amevaa nguo ya rangi gani.