Mbili, Nane, Sifuri

Bibi aliolewa na fundi wa karakana ya treni, akajifunza hesabu ambayo wanawake wenzake hawakuijua. Kichwa cha treni hutajwa kwa magurudumu yake: madogo ya mbele yanayoongoza, makubwa ya katikati yanayovuta, kisha madogo ya nyuma. Fundi akaitaja nyumba yake vivyo hivyo.

"Sisi ni mbili, nane, mbili," aliwaambia wageni. Mbele yeye na mkewe, katikati watoto wanane, nyuma mama yake na mama wa mkewe. Wazee hao walipofariki, akasema, "Sasa ni mbili, nane, sifuri. Lakini tunavuta."

Uzeeni moyo wake ukachoka, akalazwa nyumbani. Daktari alimwita Bibi pembeni: "Mama, asisikie habari nzito." Siku mbili baadaye homa ikamchukua kitindamimba wao, kule kwa mumewe. Kwa wiki tatu Bibi alilia jikoni, akanawa uso, ndipo akaingia chumbani.

Asubuhi moja alikuwa akimnywesha chai kwa kijiko.

"Mke wangu, leo sisi ni kichwa cha namna gani?"

"We mzee, huchoki?"

"Fundi hachoki, hukaukiwa grisi tu. Haya, taja."

"Mbili, saba..."

Neno lilishamponyoka. Kijiko kikagonga kikombe.

"Saba?" Fundi akacheka. "Mama wee! Miaka yote hii na mimi? Magurudumu huja kwa jozi. Kichwa cha treni cha saba umekiona wapi?"

Bibi akageuza uso. Kicheko cha Fundi kikakatika. Akaviangalia vidole vyake juu ya shuka.

"Ndiyo maana kucha zangu ni ndefu," alisema polepole.

Kitindamimba ndiye aliyekuwa akija kumkata kucha kila Jumamosi. Bibi alipojaribu, Fundi alikataa: mwachie mwenye kazi yake.

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na wewe kila asubuhi unakuja kunichekesha."

"Daktari alisema..."

"Simlaumu daktari. Mwanangu aliniulizia?"

"Alikuulizia. Nikamwambia baba amelala."

Fundi alifumba macho. Machozi yalipita pembeni, yakaingia masikioni. Kisha akajivuta kuelekea ukutani, kidogo kidogo, akihema, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Bibi akaweka kikombe chini, akajilaza pale, na kwa mara ya kwanza akalia chumbani.