Nyuzi Mbili Chini ya Taa

Gereji yetu haijawahi kulaza gari. Tangu nistaafu udereva inalaza mbao, randa na patasi, maana humo ndimo ninamotengenezea vigoda na kabati za jikoni. Mke wangu ni fundi cherehani. Yeye alikuwa akishonea chumba cha mbele, penye dirisha kubwa, na tangu binti yetu wa mwisho aolewe tulikuwa tukionana wakati wa kula tu, kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Nilichoka na heshima hiyo. Nilitaka aje ashonee gerejini, tuwe pamoja. Lakini mwanamume wa umri wangu anaanzaje kumwambia mkewe kwamba amemkumbuka, na wote wamo nyumba moja? Nikaona bora nisingizie taa.

Gerejini kulikuwa na balbu moja katikati ya dari. Ukiinama mezani unajiziba mwenyewe, unapiga msumari ndani ya kivuli chako. Nikaenda dukani nikamwambia muuzaji anipe taa za LED zenye mwanga mkali kuliko zote. Akanipa mbili ndefu, weupe wake unaelekea buluu. Nikazifunga sambamba, moja mbele ya meza na nyingine nyuma, kivuli kikatoweka. Mke wangu akaja kuchungulia.

"Haya makubwa, mzee! Hii gereji au chumba cha upasuaji?"

"Basi lete cherehani, daktari."

Sikuamini alipoileta kweli. Wiki ile nilikuwa na furaha ya kitoto. Mimi napiga randa, yeye anaendesha cherehani, tunataniana na kuwasema majirani kidogo. Alikuwa akishona suti nyeusi ya mteja. Alipoimaliza akaitoa uani kuikagua juani, kisha akaniita. Mshono wote wa nje ulikuwa wa uzi wa buluu iliyokolea. Chini ya taa zangu uzi ule ulikuwa mweusi tii.

"Taa zako zinadanganya rangi," alisema.

Nami, kwa kuwa nilizinunua mwenyewe, nikazifunga mwenyewe, na nilishazisifia mtaa mzima, nikajibu, "Taa hazina kosa, mama. Ni macho yako yameanza kuzeeka."

Aliifumua ile suti mshono kwa mshono, na kesho yake cherehani ikarudi chumba cha mbele. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, ila mimi, ingawa nilizitetea, niliamini kabisa kwamba zilizomwondoa ni taa. Nikaapa kutafuta nyingine, ili arudi.

Nikachukua nyuzi zake mbili, mweusi na wa buluu, nikaenda nazo dukani.

"Niwashie taa moja moja," nikamwambia muuzaji, "mpaka nione uzi upi ni upi."

Aliita wenzake waje wamwone mzee anayepima taa kwa uzi. Wacheke tu. Taa ya kwanza ilizifanya nyuzi mapacha. Ya pili, ile ya manjano inayopendeza sebuleni, ikazipaka zote rangi ya udongo. Hapo mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani shingoni, akawasogeza vijana wake pembeni na kunionyesha namba mbili ubavuni mwa boksi.

"Hii inakwambia mwanga ni mwingi kiasi gani, mzee wangu. Watu wanaishia hapo. Hii nyingine inakwambia taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, ukilinganisha na jua, na mwisho wake ni mia. Kwa kazi yako usishuke chini ya tisini."

Akawasha taa ya weupe wa katikati, si manjano wala buluu. Nikatazama kiganjani. Uzi mmoja mweusi, mwingine buluu, bila ubishi.

Nikanunua mbili za aina hiyo, na nilipozifunga gerejini nikamwita mke wangu. Akasimama mlangoni, mikono kifuani. Nikampa nyuzi, akazigeuzageuza chini ya taa.

"Huu mweusi. Huu buluu."

"Umeona? Zile taa zilikuwa mbovu. Sasa unaweza kurudi."

Akanirudishia nyuzi. "Kule mbele kuna dirisha, mzee. Mwanga wa jua ninao, tena wa bure. Unadhani nilifuata taa?"

Nikaziweka nyuzi mezani.

"Sasa mbona uliondoka?"

"Taa ilinikosesha uzi tu, uzi unafumuliwa. Kilichoniondoa ni mdomo wako. Nimeharibu kazi ya watu, moyo unaniuma, na wewe unatetea balbu."

Niliona aibu, na safari hii sikuitafutia kisingizio.

"Nisamehe, mama. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu watoto waondoke. Nilitaka uwe karibu, nikashindwa kusema, ndiyo maana nikanunua taa."

"Ukanunua taa mara mbili," akasema, "ili usiniite mara moja?"

Kisha akageuka kwenda chumba cha mbele, akashika cherehani upande mmoja, akaningoja nishike wa pili.