Suruali ya Spika

Dobi alikuwa na vitu viwili tu alivyovichukia duniani: pasi inayotema kutu na shemeji yake. Pasi angalau ilitengenezeka.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, watu walimwita Spika, kwa sababu haikupita harusi wala msiba bila yeye kushika kipaza sauti. Alipenda suti za rangi ya maziwa, na kila wiki alizileta kwa dobi kana kwamba kufuliwa na mjane wa kaka yake ni haki aliyozaliwa nayo. Dobi alizipokea. Alizifua vizuri kuliko nguo za mtu mwingine yeyote, maana adui mzuri ni yule unayemwona mara kwa mara.

Chuki yenyewe ilianzia makaburini. Udongo haujakauka, Spika alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Wanaume wenzangu, tutulie na wake zetu. Kansa ya tezi dume haimpati mtu aliyetulia." Macho yote yakamgeukia mjane. Mumewe, mwanamume ambaye hata akienda kunyoa alikuwa akiaga, akazikwa mara ya pili, safari hii na jina la mzinzi.

Na si hilo tu. Ni Spika huyohuyo aliyemwambia kaka yake, mkojo ulipoanza kumsumbua, kwamba huo ni uzee tu, na kwamba hospitali watamtia kidole na uanaume wake utaishia hapohapo. Kaka mtu akasubiri. Alisubiri mpaka mifupa ya mgongo ikamliza, na alipofikishwa wodini ilibaki kazi ya kumpunguzia maumivu.

Daktari wa wodi ile, mwanamke asiyezunguka maneno, alimketisha dobi akamweleza. "Mama, hii si adhabu ya uzinzi. Kinachomweka mwanamume hatarini ni umri, asili yetu sisi watu weusi, na ukoo. Baba akiugua, au ndugu wa tumbo moja, basi na wewe moto uko jirani. Waambie ndugu zake na mwanao, wakishafika arobaini waje waulize kuhusu kipimo. Tunaanza na damu ya mkononi tu. Na wasingoje maumivu. Ugonjwa huu ukianza haupigi hodi."

Dobi alimwambia mwanawe. Spika hakumwambia. Alilimeza neno lile makusudi, likatua tumboni, akasema moyoni: mkuki kwa nguruwe, si ndiyo? Basi ngoja na wewe uuonje.

Kazi ya udobi ina utaratibu wake. Kabla nguo haijaguswa na maji, unatoa vilivyomo mifukoni, unaigeuza nguo ndani nje, unakagua mshono kwa mshono. Ndivyo alivyoliona doa la kwanza, ndani ya suruali ya Spika, karibu na zipu. Dogo, la rangi ya kutu. Lakini kutu dobi aliijua, na damu aliijua. Akailoweka suruali kwenye maji baridi, kwa sababu damu hutolewa kwa maji baridi. Ukiipa ya moto inashika, haitoki tena mpaka kitambaa kioze. Doa likatoka. Baadaye likaja jingine. Akalitoa nalo, huku akiimba.

Angeendelea kuimba, kama si mwanawe.

Kifungua mimba wake, fundi umeme, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, alikuja siku moja kumtengenezea waya wa pasi. Dobi akamuuliza kama amekwenda kupima.

"Ah, mama, yale mambo niliyaacha. Baba mdogo amenielewesha."

"Amekuelewesha nini?"

"Kwamba mimi nimetulia, sina wasiwasi. Halafu fikiria mwenyewe. Ingekuwa mambo ya ukoo, si yeye angekuwa wa kwanza? Yeye na baba tumbo moja. Mbona mzima kama chuma?"

Dobi alilitazama beseni lake la maji. Kumbe kisasi alichokuwa akikilea kwa maji baridi kilikuwa kinampeleka mwanawe kwenye kaburi la baba yake. Kila doa alilolifuta lilikuwa ushahidi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufuta.

Suti ya wiki ile ilipokuja, aligeuza suruali ndani nje. Doa lilikuwepo, safari hii pana. Dobi akabandika birika jikoni, maji yakachemka mpaka yakapiga kelele, akayamimina juu ya doa, taratibu, kama mtu anayemwagilia ua. Kosa ambalo hata dobi wa jana halifanyi. Doa likashika. Akaianika, akaipiga pasi, akaikunja.

Kisha akamwita mwanawe aje amtazamie swichi ya ukutani saa ambayo Spika angefuata suti yake ya kwendea harusi ya kesho yake.

Spika aliingia anacheka. Dobi akaufunga mlango, akaikunjua suruali juu ya meza, ndani nje.

"Hiyo nini, shemeji? Umeniharibia nguo!"

"Mimi? Hiyo ni damu, na imetoka kwako. Mwambie mwanangu ni ya nani kama si yako."

Spika akaacha kucheka. Akaketi juu ya kapu la nguo chafu.

"Haiumi," alisema.

"Hata kaka yako mwanzoni haikumuuma."

Fundi umeme aliitazama suruali, akamtazama baba yake mdogo, akaiweka bisibisi chini. "Huenda ni kitu kingine," alisema.

"Huenda. Daktari ndiye atakayesema. Mnakwenda wote wawili, leo. Lakini kwanza huyu aseme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Spika akainama. "Kaka hakuwa mzinzi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kipaza sauti.

"Hayo utayarudia harusini, mbele ya walewale wa makaburini."

Akaitikia kwa kichwa. Fundi umeme akatoka kwenda kuwasha gari. Spika alibaki amekamata kitasa cha mlango, uso umemsinyaa, na dobi alimwona akihesabu jambo kichwani.

"Shemeji," alisema, "madoa haya umeanza kuyaona lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na ukanyamaza?"

Dobi alinyunyizia maji kola ya shati la mteja, akaikandamiza pasi, mvuke ukapanda kati yao.

"Wewe si ulitangaza kwamba ni ugonjwa wa wazinzi?" alisema. "Nikaona nikusitiri."