Mkeka wa Mfasiri

Gede Ranuh, mwana wa Gede Darsa, mwana wa Gede Wirata, alitoka katika mlango ulioaminiwa kusoma hekaluni maandiko ya kale yaliyochorwa juu ya majani ya mvumo, wala hakuna aliyepata kusema kwamba mlango huo ulimeza hata silabi moja. Hivyo mjukuu wake, Luh Sasih, alipopewa zamu ya kusoma mbele za watu siku ya sikukuu, Gede hakutaka kusikia habari ya mwalimu mwingine.

Akamfundisha kama alivyofundishwa yeye, kila kosa likikatwa papo hapo. "Vuta hiyo sauti! Rudia!" Binti akarudia, na sauti ikazidi kumkauka.

Asubuhi moja, akipita nyuma ya jiko, Gede akasikia usomaji unaotiririka kama maji ya mfereji wa mpunga. Akachungulia. Luh Sasih alikuwa ameketi na Nengah Kerti, mdogo wake Gede, mtu wa majogoo, mwenye sauti ya mlango mbovu. Walisoma kwa pamoja. Binti aliposhika mwendo, Nengah alinyamaza, akabaki kumkuna jogoo wake shingoni. Kisha mstari ule ule tena, na tena.

"Babu Mdogo, hapo umekosea wewe!"

"Mimi? Mlaumu jogoo, ndiye mwalimu wangu. Haya mama, twende tena."

Wakacheka. Na Gede hakukumbuka binti huyo kucheka mbele ya jani akiwa naye. Wivu ukamshika.

"Unamharibu kwa mchezo," akamwambia nduguye.

"Kaka, sifundishi. Nasoma naye tu."

"Na makosa yake?"

"Akirudia yanapukutika."

Siku ya sikukuu ikafika. Desturi ni kwamba msomaji huimba mstari, na aketiye mkabala naye huueleza kwa lugha ya nyumbani. Naye msikilizaji yeyote ana ruhusa ya kusahihisha kwa sauti. Msomaji ndiye amchaguaye mfasiri. Gede alikwisha kufunga kilemba chake cheupe, akausogelea mkeka.

"Namwomba Babu Mdogo," akasema Luh Sasih.

Gede akarudi kuketi kati ya wasikilizaji. "Leo mkubwa kawekwa benchi," mmoja akanong'ona, nyuma yake wakakohoa kuficha kicheko.

Binti akasoma vizuri, tena kwa raha, na kila mstari ulimchoma babu yake. Kisha akafika penye herufi zilizofifia, akakwama. Nengah hakuukumbuka mstari ule. Vinywa vya wasikilizaji vikaanza kufunguka ili kumsahihisha.

Gede aliujua kama jina lake. Sahihisho lilikuwa ulimini. Angelitoa, uwanja mzima ungejua mwalimu ni nani. Akamwona mjukuu wake ameinamia jani, akizitafuta herufi kwa kidole. Akaanza kuimba chini kwa chini, mstari mzima tangu mwanzo, mpaka sauti ya binti ikaungana na yake. Aliposikia ameshika, akanyamaza.

Walipoinuka, Luh Sasih alimkimbilia Nengah kwanza. "Babu Mdogo, umenisikia?"

"Nimekusikia. Kamwulize na yule aliyenuna pale."

Akaja. "Babu, kesho utasoma na mimi?"

"Mapema," akajibu Gede. "Na jogoo asiwepo."

Nanyi vijana, sikieni. Mzee akinyamaza mkikosea, msidhani hakusikia. Kunyamaza huko humla moyo. Basi kaeni vizuri, shikeni jani, msome tangu mwanzo, na kwa sauti.