Mteja wa Mwisho

Mwenzenu, usiku wa jana niliota niko kazini, benki, kwenye kitengo chetu cha chapa na huduma kwa wateja. Hata usingizini sina likizo.

Simu imeingia kutoka Muheza. Shangazi Mwanamkasi amefariki, anazikwa alasiri. Huyu shangazi ndiye aliyenilea tangu sijaota meno. Nataka kulia, mdomo haukubali. Tabasamu la kazini limeganda palepale, meno nje, mashavu juu.

Nikavuta pembe za mdomo chini kwa vidole. Zikarudi juu. Hapo nikaukumbuka mwongozo wa wafanyakazi, niliouandika mwenyewe kwa mbwembwe zote na kupigiwa makofi: tabasamu lisitoke usoni mpaka mteja wa mwisho atoke mlangoni.

Nikaangalia ukumbi. Mtupu, mlinzi keshapanga viti. Nikauliza ni mteja gani amebaki.

"Mimi," ikasema kalamu ya kaunta, ile iliyofungwa mnyororo ili watu wasiondoke nayo.

Nikaikaribisha inavyotakiwa, nikaiuliza shida yake. Ikasema imekaa pale miaka, kila mtu anaishika, anaitikisa, anaitukana kwamba haiandiki, na hakuna aliyewahi kuiuliza inaendeleaje. Inachotaka ni kutoka mlangoni, basi. Mnyororo hauifikishi hata kwenye kiti cha kwanza.

Nikamfuata mlinzi kuomba koleo nikate mnyororo. Akasema koleo linaombwa makao makuu, majibu wiki ijayo. Nikamwambia shangazi yangu anazikwa leo. Kwa jinsi nilivyokuwa nimekenua, akadhani namtania.

Nikaona isiwe tabu. Nikaing'oa kalamu pamoja na kaunta yake nzima, nikaikokota, nikafungua mlango wa benki. Nikatokea uani kwa shangazi, Muheza, kalamu bado mnyororoni, tabasamu bado usoni.

Wanawake wamekaa mikekani wanalia. Wote wananigeukia. Naingia kwenye msiba wa shangazi yangu nikitabasamu, beji kifuani, navuta kaunta. Nataka kusema poleni. Mdomo unasema, "Karibuni sana. Kuna lingine naweza kuwasaidia?"

Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mwingine akamnong'oneza jirani yake kwamba huyu ndiye aliyesomeshwa kwa maandazi ya marehemu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kalamu ikanikumbusha kwa upole kwamba wanaume wameshaleta jeneza, na nikimzika na uso huu, ndiyo basi tena, nitakuwa nimemzika nikicheka.

Nikaingia chumbani, kaunta nyuma yangu. Shangazi amelala ndani ya sanda, ametulia. Akafumbua jicho moja, akaniangalia. Akakaa. Akautoa mkono wa kulia taratibu, bila haraka yoyote.

"Rukia, uso huo wa nani?"

"Wa benki, shangazi."

"Warudishie. Mimi nilikulea na wako."

Akanizaba kofi la haja. Tabasamu likaanguka sakafuni, likalia kama sahani ya bati. Mnyororo nao ukakatika. Kalamu ikashukuru kwa huduma, ikapita mlangoni, ikaenda zake. Ndipo nikalia. Nikalia kwa sauti, mpaka walewale waliokuwa wananisema wakaja kunishika mabega.

Nikaamka. Shavu la kushoto linawaka moto. Mume wangu Shebe amenipa mgongo, anakoroma, kwa hiyo siyo yeye.

Simu ikaita. Kuangalia jina, shangazi Mwanamkasi. Nikapokea, na kwa mazoea ulimi ukateleza: "Asante kwa kupiga simu, nikuhudumie nini?"

Shangazi, mzima kabisa, akasema yeye hataki huduma, anataka kujua kama hata yeye siku hizi ni mteja. Akaendelea kulalamika kwamba ameamka kiganja cha kulia kimevimba, kinawaka, wala hajui kakigonga wapi.

Nikajishika shavu. Nilikuwa nalia, na safari hii mdomo ulikuwa umekunjamana wote, mbaya kabisa, wangu. Nikamwambia Jumamosi nakuja.

"Njoo," akasema. "Na uniletee dawa ya kuchua."